Mwongozo wa umahiri na mtumishi anayekaa na mtoto

Ndugu wakuu wa idara, wasimamizi wa makao ya watoto, maafisa ustawi, walezi na nyote mliofika, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutumia miongozo ya umahiri kuwakuza watumishi wanaohudumia watoto. Nina jambo moja tu la kusema, ila nitalizunguka ili tulione vizuri: mwongozo wa umahiri unamkuza mtumishi pale msimamizi wake anapomwona kwa macho yake akifanya kazi, kisha wakaketi wawili wakayazungumza aliyoyaona. Pasipo hayo, mwongozo unabaki kuwa kitabu kizuri kilichochapwa kwa gharama.

Niruhusuni nianze na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Ibara ya 3 tunaijua sote kwa ajili ya maslahi bora ya mtoto. Tunaitaja kwenye semina na kuinukuu kwenye taarifa zetu. Lakini ibara hiyo ina fungu la tatu ambalo halitajwi sana, na ndilo linalotuhusu sisi tuliomo humu ndani. Linazitaka nchi zihakikishe kwamba taasisi na huduma zinazolea au kulinda watoto zinafuata viwango vilivyowekwa na mamlaka husika, hasa katika usalama, afya, idadi ya watumishi na kufaa kwao, pamoja na usimamizi wenye uwezo.

Idadi, kufaa na usimamizi vimetajwa kwa pumzi moja. Mwongozo wa umahiri unashughulikia hilo la katikati, yaani kufaa kwa mtumishi. Ofisi nyingi zikishaandika mwongozo hujisahau zikadhani zimemaliza yote matatu. Afisa aliyelimbikiziwa mashauri hadi hakumbuki majina ya watoto hawezi kuokolewa na orodha ya viashiria, yaani sentensi fupi zinazotaja mambo ambayo mtumishi anapaswa kuyaweza, hata kama imeandikwa kwa ufundi wa namna gani. Na afisa asiye na msimamizi anayemfuatilia hana wa kumwambia kwamba ameanza kupotea njia. Nayasema haya mapema ili nikianza kuusifia mwongozo, asiwepo atakayetoka hapa akidhani nimesema unatosha.

Kwa walio wapya, mwongozo wa umahiri ni maelezo ya mambo ambayo mtumishi anapaswa kuyajua, kuweza kuyatenda, na mwenendo anaopaswa kuwa nao mbele ya mtoto na familia yake. Maelezo hayo hupangwa kwa ngazi, kuanzia anayeajiriwa leo hadi anayeongoza wenzake. Fikra yenyewe si ya jana. Mwaka 1973 mwanasaikolojia David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alihoji desturi ya kuchagua watu kwa majaribio ya akili na maksi za darasani. Alitaka watu wapimwe kwa yale yanayohusiana moja kwa moja na kazi wanayokwenda kuifanya. Hoja hiyo iliingia kwenye biashara, kwenye uuguzi na kwenye ualimu. Kwetu sisi wa huduma za watoto ilikuja kwa njia chungu, na lazima niieleze.

Februari 2000, mtoto Victoria Climbié, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, alifariki jijini London akiwa na umri wa miaka 8. Aliteswa na ndugu wa familia aliyekabidhiwa kumlea, pamoja na mwenzi wa ndugu huyo, na wote wawili walitiwa hatiani kwa mauaji. Serikali ya Uingereza ilimteua Lord Laming aongoze uchunguzi, na taarifa yake ikatoka Januari 2003 ikiwa na mapendekezo 108. Kilichowashtua watu ni kwamba Victoria hakuwa amefichwa. Idara nne za ustawi wa jamii zilimfahamu. Timu mbili za polisi wa ulinzi wa watoto zilimfahamu, na hospitali mbili zilimpokea. Watumishi walimwona, wakaandika, wakapelekeana karatasi. Mtu wa kuketi naye akamsikiliza kwa kina, kwa lugha anayoielewa, akamuuliza maisha yake yakoje nyumbani, hakupatikana.

Baada ya hapo ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2004, na mwaka 2005 England ikatoa mwongozo wa pamoja wa ujuzi na maarifa kwa kila anayefanya kazi na watoto: muuguzi, polisi, mwalimu, afisa ustawi, hata anayejitolea. Ulikuwa na maeneo sita tu. La kwanza lilikuwa kuwasiliana na watoto na familia zao, na la pili kuelewa makuzi ya mtoto. Yakafuata kulinda ustawi wake, kumsaidia anapopita kwenye mabadiliko ya maisha, kufanya kazi na idara nyingine, na kupeana taarifa. Mimi naupenda mwongozo ule kwa ufupi wake. Daktari na polisi waliweza kuusoma jioni moja, na kesho yake wakakutana wakizungumza lugha moja. Miongozo mingi iliyofuata huku na kule duniani imenenepa mno. Ukimpa mlezi kurasa mia moja na ishirini, umempa kitu cha kutunza, hujampa kitu cha kutumia.

Lipo jambo jingine katika taarifa ya Laming ambalo tunapenda kulipita haraka, hasa sisi wenye vyeo. Alisema kwamba kosa kubwa zaidi lilikuwa la mameneja na wakuu wa taasisi, waliokuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma zina fedha, zina watu, na zina uwezo wa kumsaidia mtoto. Hakumwachia mzigo wote afisa wa chini aliyekwenda kugonga mlango. Basi mwongozo wa umahiri unaoanza kwa afisa wa chini na kuishia hapohapo umekwenda kinyume na somo lenyewe lililotuleta hapa. Nitarudi kwenye hilo la wakuu.

Sasa tuje kwenye ngazi, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Mwaka 1980 ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walieleza jinsi mtu anavyopita hatua tano tangu anapokuwa mgeni wa kazi hadi anapobobea. Miaka minne baadaye Patricia Benner akaonyesha hatua hizo kwa wauguzi. Kwa kifupi, mgeni anashika kanuni. Aliyebobea anaisoma hali. Mgeni akiambiwa aulize maswali kumi, anauliza kumi. Aliyebobea anauliza matatu, anaona namna mtoto alivyokaa, anaacha yale saba na kutoa karatasi na penseli za rangi.

Kwa hiyo kiashiria kilekile kinadai mambo tofauti kwa watu tofauti. Kumtaka mtumishi wa mwezi wa kwanza aisome hali kama mwenzake wa miaka kumi na tano ni kumwonea. Kumlazimisha wa miaka kumi na tano afuate fomu neno kwa neno ni kumfunga mikono. Na kuna jambo wasimamizi hulisahau: ubobezi hauhami na mtu kama ulivyo. Afisa aliyebobea kwa vijana wa miaka 15, ukimhamishia kwa watoto wachanga, kwa sehemu kubwa amekuwa mgeni tena. Anahitaji kusimamiwa kwa karibu kama mgeni, pamoja na heshima yote ya miaka yake. Mara nyingi tunamwachia tu mafaili kwa sababu ni mzoefu, na yeye kwa sababu ya heshima hiyohiyo anaona aibu kuuliza.

Sambamba na ngazi liko suala la ushahidi. Tunajuaje kwamba mtumishi anaweza? George Miller, aliyekuwa akiandika kuhusu mafunzo ya madaktari mwaka 1990, alipanga madaraja manne: mtu anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha namna ya kufanya, halafu anafanya kweli kazini. Tazameni ushahidi tunaoukusanya sisi. Cheti cha semina kinasema alihudhuria. Jaribio linasema anajua. Igizo la darasani linaonyesha anaweza kufanya akiwa anatazamwa na wenzake, wote wakiwa wamekunywa chai. Kile anachokifanya nyuma ya mlango, mtoto akiwa analia na mzazi amekasirika, hatukioni. Tunasoma tu alichoandika mwenyewe kwenye jalada. Ndiyo maana nasema tuwe tunaona.

Nitawapa mfano mmoja, na nitakaa nao kidogo.

Chukueni kiashiria ambacho kwa namna moja au nyingine kimo karibu katika kila mwongozo: "Anawasiliana na mtoto kulingana na umri na uelewa wake." Tuseme afisa anakwenda kutembelea familia yenye mtoto wa miaka sita ambaye shule imetoa taarifa kwamba siku hizi amekuwa mnyonge na haongei. Safari hii msimamizi ameongozana naye. Amejitambulisha, akakaa pembeni, hasemi kitu.

Afisa anasalimia vizuri. Anakaa karibu na mama, anafungua daftari, anauliza kuhusu usingizi, chakula, shule, magonjwa. Mama anajibu. Mtoto amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, anachezea uzi wa nguo. Dakika ishirini zikipita, afisa anamgeukia na kumuuliza kwa sauti ya upole: "Na wewe, mwanangu, hujambo? Uko sawa?" Mtoto anamtazama mama yake, kisha anatikisa kichwa kukubali. Afisa anatabasamu na kuandika. Wakirudi ofisini, jalada linasomeka hivi: mtoto ameonwa, amezungumzishwa, anasema yuko sawa.

Msimamizi anayesoma majalada tu angeweka alama ya vema hapo na kugeuza ukurasa. Huyu aliyekuwepo anauliza swali moja: "Ulipomuuliza mtoto, alimtazama nani kabla ya kukujibu?"

Afisa anafikiri. "Alimtazama mama yake."

"Unadhani alikuwa anatafuta nini?"

Kimya kidogo. Halafu afisa anasema ukweli ambao hakuna fomu ingeweza kuutoa: "Dada, nilitaka kuzungumza naye peke yake. Niliogopa mama yake ataona namshuku. Nikasema nikimkwaza leo, kesho hatanifungulia mlango."

Hapo ndipo kazi ya kumkuza mtumishi inapoanzia. Kumbe tatizo halikuwa kuzungumza na watoto. Afisa huyu anapenda watoto, ana sauti nzuri, na pengine akiwa peke yake na mtoto sakafuni angefanya vizuri sana. Kilichomshinda ni kumweleza mzazi, kwa upole na bila kuyumba, kwamba mtoto ataonwa peke yake. Katika mwongozo hilo liko chini ya kichwa kingine kabisa, pale panapozungumziwa kufanya kazi na wazazi na kutumia mamlaka kwa heshima. Msimamizi anafungua ukurasa huo, wanausoma pamoja, kisha wanafanya jambo dogo sana: wanatafuta sentensi. Afisa anaijaribu kwa sauti, mara ya kwanza inatoka kama ombi la msamaha, mara ya pili inatoka kama amri. Mara ya tatu inakaa sawa: "Mama, huwa nazungumza na kila mtoto peke yake kwa muda mfupi, familia zote tunafanya hivyo. Nitakaa naye hapo nje mnapoonana, kisha nitarudi tuendelee mimi na wewe."

Wanakubaliana kwamba ziara ijayo ataitumia, wala haitangoja mwezi ujao, kwa sababu mtoto yule bado hajasikilizwa. Msimamizi anaandika mistari mitano: alichokiona, walichozungumza, walichokubaliana, nani atafanya nini, lini. Ule ndio ushahidi. Na ziara ya pili ikifanyika, ushahidi huo unakamilika au unaonyesha kwamba bado.

Angalieni mwongozo umefanya nini hapo. Umewapa wawili hao jina la kitu cha kujifunza. Kabla yake afisa angekuwa na hisia tu ya kutoridhika, na msimamizi angekuwa na maneno ya jumla, "jitahidi kuwasiliana na watoto." Hakuna mtu aliyewahi kukua kwa kuambiwa ajitahidi. Wala hakuna semina ya siku tatu kuhusu mawasiliano na watoto ambayo ingemsaidia afisa huyu, kwa sababu ingemfundisha asilolikosa. Fedha nyingi za mafunzo zinapotea hivi: tunampeleka kila mtu kwenye kila semina, kwa kuwa hatujui nani anakosa nini.

Nije kwenye makao ya watoto, na hapa nazungumza kwa uchungu kidogo. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya maafisa wenye shahada. Katika makao, watu wanaokaa na watoto saa nyingi zaidi ni walezi wa zamu, wapishi, madereva, wafua nguo na walinzi. Umoja wa Mataifa ulipopitisha mwongozo wake wa malezi mbadala ya watoto, yaani malezi ya watoto wasioishi na wazazi wao, mwaka 2009, ulisisitiza kwamba walezi wafanye kazi wakiwa wamefundishwa na wana msaada unaostahili. Sasa tukague miongozo yetu wenyewe. Je, mpishi yumo? Mlinzi wa getini yumo?

Nawauliza kwa sababu mtoto ndiye anayechagua atamwambia nani siri yake. Hachagui kwa kutazama cheo. Anamchagua mtu aliyemzoea, anayekuwepo wakati nyumba imetulia: anayechambua mboga jikoni, au aliye zamu usiku taa zikishazimwa. Saa za kulala ni saa ngumu kuliko zote katika makao. Mtoto aliyecheza mchana kutwa, usiku ndiyo hofu inamjia. Mwingine anakojoa kitandani na kuficha shuka. Mwingine hataki mlango ufungwe. Mlezi wa zamu ya usiku anakutana na haya yote peke yake, na katika sehemu nyingi yeye ndiye aliyepata mafunzo machache kuliko wote, anayelipwa kidogo kuliko wote, na ambaye msimamizi wake hajawahi kumwona akiwa kazini.

Kwa watu hawa mwongozo uwe ukurasa mmoja, kwa maneno wanayoyatumia wao. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua kiashiria kimoja tu kwa kila mtu anayelipwa katika makao, kuanzia mkurugenzi hadi dereva, ningechagua hiki: anajua la kufanya mtoto anapomfunulia jambo baya alilotendewa. Maana yake ni haya. Amsikilize bila kumkatiza. Asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa sababu hiyo ni ahadi ambayo hawezi kuitimiza, na mtoto aliyevunjiwa ahadi hapo huenda asifungue mdomo tena. Asimhoji kama mpelelezi wala kumtilia maneno mdomoni. Amwambie kwamba amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake. Aandike maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, pamoja na saa na tarehe. Amwone mhusika wa ulinzi wa watoto siku hiyohiyo, na kama anayetuhumiwa ndiye bosi wake, ajue aende kwa nani mwingine. Asiyeweza kuandika aoneshwe mapema ni nani atamwandikia. Hili mpishi analiweza kabisa. Anaweza kulifanyia mazoezi akiwa jikoni na msimamizi wake kwa robo saa, na baada ya muda wakarudia.

Sasa niseme kuhusu madhara, maana yapo. Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro, aliyeombwa na serikali ya Uingereza kuupitia mfumo wa ulinzi wa watoto wa England, alieleza jinsi mfumo ule ulivyokuwa umejaa taratibu na ukaguzi hadi watumishi wakawa wanashughulika na kutimiza matakwa ya fomu, huku swali la kama mtoto amesaidika likibaki nyuma. Zingatieni mwaka: ni miaka minane tu baada ya taarifa ya Laming. Kanuni zilizozaliwa kwa nia njema ya kuwalinda watoto zilikuwa zimeanza kuwalinda wakubwa. Mwongozo mpya wa taaluma ya ustawi wa jamii uliotoka kule mwaka 2012, wenye maeneo tisa, ulitaka mtumishi atazamwe kwa ujumla wake kadiri anavyokua katika taaluma, asikatwekatwe vipande vya kuwekewa alama kimoja kimoja.

Hatari hiyo iko kwetu pia. Mwongozo wenye viashiria themanini na visanduku themanini vya kuweka alama unazalisha funika kombe mwanaharamu apite. Wiki ya mwisho ya mwaka, msimamizi na mtumishi wanakaa na kalamu, wanajaza, wanatia saini, wanaagana. Wote wanajua kilichotokea, lakini hakuna anayekisema.

Chanzo kimojawapo ni kuchanganya mambo mawili kwenye kikao kimoja. Ukimwita mtumishi ukamwambia, "Leo tutazungumzia unapohitaji kukua," na karatasi hiyohiyo ndiyo itakayoamua nyongeza ya mshahara au kama mkataba wake utaongezwa, usitegemee akuambie kwamba aliogopa kumkwaza mama wa mtoto. Atakuambia yuko sawa, kama yule mtoto alivyosema. Tenganisheni. Mazungumzo ya kumkuza mtumishi yawe na siku zake, yawe ya mara kwa mara, na alichokiri humo kisigeuzwe kuwa shtaka. Tathmini ya mwaka iwe na siku yake. Mpaka uwekwe wazi tangu mwanzo: likijitokeza jambo linalomhatarisha mtoto, hapo hakuna faragha wala kulindana, linachukuliwa hatua mara moja.

Na upande wa pili, msije mkanielewa kwamba nataka wasimamizi wapole wasiosema kitu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Msimamizi anayeona mtumishi wake anamkaripia mtoto mbele ya wenzake, akaacha kumwambia kwa kuwa wanasali pamoja au kwa kuwa ni mtu mzima kuliko yeye, amemwacha mtoto alipe gharama ya ustaarabu wake. Mwongozo unasaidia hapa pia. Unaliondoa jambo kwenye ugomvi wa watu wawili na kuliweka kwenye makubaliano ya kazi: "Kaka, tulikubaliana sote kwamba mtoto anarekebishwa faraghani. Jana mezani haikuwa hivyo. Ilikuwaje?" Kisha amsikilize kweli, kwa sababu mara nyingine jibu ni kwamba kaka huyo alikuwa peke yake na watoto ishirini na wawili tangu alfajiri. Hapo tumerudi kwenye idadi, na jambo hilo ni la mkuu wa idara.

Niliahidi kurudi kwa wakuu. Wengi wetu tulipandishwa vyeo kwa sababu tulifanya kazi vizuri na watoto. Hatukufundishwa namna ya kumtazama mwenzetu akifanya kazi bila kumwingilia, wala namna ya kuuliza swali linalomfanya afikiri badala ya kujitetea. Hizo ni stadi, nazo zina ngazi zake. Mwongozo wowote unaostahili jina hilo uwe na sehemu ya wasimamizi, na ushahidi wake uwe wa aina ileile: mkuu wa idara akae pembeni ya kikao cha usimamizi, aone, kisha azungumze na msimamizi huyo. Viashiria vyetu viwe vya kupimika. Je, kila mtumishi ameonwa kazini? Mtumishi aliposema mzigo umemzidi, mkuu alifanya nini na kwa siku ngapi? Aliyekubaliwa kufundishwa jambo fulani, alifundishwa?

Limebaki la watoto wenyewe. Ibara ya 12 ya Mkataba inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na ni jambo gani linamhusu kuliko mtu anayemlea? Waulizeni kwa maswali wanayoyaelewa. Je, anakuja siku aliyosema atakuja? Anakuambia mapema jambo litakalotokea, kama kuhama au kwenda mahakamani? Ukimwambia kitu, anakikumbuka? Anayeuliza asiwe mtumishi anayezungumziwa, na majibu yasitolewe kwa namna itakayomfanya mtumishi ajue ni mtoto gani aliyesema. Majibu hayo yaingie kwenye mazungumzo ya usimamizi yakiwa na uzito uleule wa aliyoyaona msimamizi.

Mkirudi kazini, msianze na mwongozo mzima. Kaeni na watumishi wenu mchague viashiria vinne, vile ambavyo vikikosekana mtoto anaumia. Mwandike chini ya kila kimoja kinavyoonekana kwa mgeni wa kazi na kinavyoonekana kwa mzoefu, kwa maneno ya watumishi wenyewe. Kila msimamizi apange kumwona kila mtumishi wake kazini, pamoja na wa usiku, na aandike ile mistari mitano. Baada ya miezi sita pitieni mistari hiyo yote. Kiashiria ambacho hakuna aliyekitumia kwenye mazungumzo kifuteni au mkiandike upya, na lile lililojitokeza mara kwa mara ambalo hamkuliandika, liingizeni. Mafunzo ya mwaka unaofuata yapangwe kutokana na mistari hiyo.

Nakaribisha maswali. Naomba wanaofanya zamu za usiku wapewe nafasi ya kwanza, kwa sababu wengine wao wametoka kazini alfajiri ya leo na wanahitaji kwenda kulala.